Kazi imeisha, imekwisha au imekamilika?

Msomaji wa Nyali, Mombasa, anauliza: "Timu yetu ya programu hupanga kazi kwa sprinti, yaani vipindi vya wiki mbili mbili, kwenye Jira, programu ya kufuatilia kazi. Juzi tuliamua vichwa vya safu za bodi yetu ya kazi viwe kwa Kiswahili, na safu ya mwisho ikazua ubishi. Mimi niliandika 'Imeisha', mwenzangu wa Mji wa Kale akasahihisha 'Imekwisha', na kiongozi wetu anataka 'Imekamilika'. Ipi ni sahihi? Na wingi wa sprinti ni 'sprinti' au 'masprinti'?"

Ndugu msomaji, wewe na mwenzako mnagombana bure. Kitenzi chenu ni kimoja. Mzizi ni -isha, na ku- ya kitenzi-jina ikikutana na ile i huwa kwisha. Wako wanaoibakiza kw- baada ya -me- na wako wanaoiacha, kama amekwenda na ameenda. Kwa sikio langu imekwisha ina heshima zaidi kwenye maandishi, lakini hilo ni sikio langu tu.

Hoja nzito ni ya kiongozi wenu. Kwisha hakusemi kwamba kitu kimefika vile kilivyotakiwa. Kunasema hakipo tena, au hakiendelei. Ingia hoteli ya Mji wa Kale alasiri uagize biriani: ukiambiwa imekwisha, huendi kunawa mikono. Mkataba hukwisha, likizo hukwisha, chaji ya simu hukwisha. Kibarua akiambiwa bandarini "kazi zimekwisha" anajua leo harudi na kitu mfukoni. Na "kwisha kazi" sote twaisikia ikisemwa juu ya kitu kilichoharibika!

Kukamilika ni kutopungukiwa na chochote, kwa hiyo neno lenyewe linadai kipimo: kamili kwa mujibu wa nini? Hapo ndipo linapoafikiana na kazi yenu. Mwongozo wa Skramu (mfumo huo wa kufanya kazi kwa sprinti), wa Ken Schwaber na Jeff Sutherland, unataka timu iwe na maelezo ya wazi ya hali ambayo kazi ikiifikia ndipo ihesabiwe. Labda kwenu ni kwamba msimbo umejaribiwa, mwenzako ameupitia, na maelezo ya mtumiaji yameandikwa. Kadi, yaani kazi moja kwenye bodi, iliyoachwa njiani kwa sababu mteja kabadili nia imekwisha, lakini haijakamilika. Tofauti hiyo si ya wanasarufi peke yao. Mkifunga sprinti, Jira huzitazama kadi ambazo hazijafika safu ya kulia kabisa na kuwauliza mzipeleke wapi, kwenye sprinti nyingine au zirudi kwenye orodha ya akiba. Safu hiyo ikiitwa "Imekwisha", kuna siku mtu ataitupia humo kadi iliyokufa, na hesabu ya mwendo wa timu, yaani kiasi cha kazi inachokamilisha kila sprinti, itapendeza bila sababu.

"Imefanywa" nayo nisingeichukua, kwani kitu huweza kufanywa vibaya. "Imefanyika" iachieni harusi na mikutano.

Ila kiongozi wenu naye hajamaliza. Safu hubeba kadi nyingi, hivyo kichwa chake kiwe cha wingi: Za kufanya, Zinazofanywa, Zilizokamilika. Ndani ya kadi moja, kwenye hali yake, ndipo panapofaa "Imekamilika". Jira inaruhusu jina la safu litofautiane na jina la hali, kwa hiyo hamna kisingizio. Angalieni tu upatanisho: haya yanafaa mkisema kazi, kadi au tiketi. Mkiziita majukumu, itabidi yawe Yaliyokamilika, na lile moja Limekamilika. Katika mazungumzo ya asubuhi semeni mtakavyo. "Ushaituma?" "Nshaituma" ni Kiswahili kizuri cha pwani, na ile -sha- ni hiyo hiyo kwisha yenu iliyofupishwa.

Hukuniuliza, lakini kwa kuwa mnapanga kwa Kiswahili, chungeni pia -ta-. Kikao cha kupanga kikitoka na "tutamaliza kazi kumi", mwenye mradi husikia ahadi. Tangu 2011 Mwongozo wa Skramu umeacha kuichukulia orodha ya kazi za sprinti kama ahadi, ukaiita makadirio. Toleo la 2020 limeweka ahadi kwenye lengo la sprinti. Basi juu ya lengo andikeni "tutawezesha wateja kulipa kwa simu", na juu ya orodha andikeni "tunakadiria kumaliza". Kwa mantiki hiyo, anayesema "tutamaliza inshallah" yuko karibu na mwongozo kuliko anayesema "tutamaliza" kavu kavu, mradi asiitumie kukwepa kadi yake.

Sprinti ni ya ngeli ya I-ZI, pamoja na tiketi, bodi na timu: sprinti hii, sprinti hizi, sprinti yetu ya tatu. "Masprinti" yaacheni barazani. Wako wanaopendekeza "awamu", nami silipendi hapa, kwa kuwa awamu ya mradi yaweza kuchukua mwaka mzima, na sprinti haitakiwi kupita mwezi mmoja. "Mkupuo" ni neno tamu, lakini kufanya jambo kwa mkupuo ni kulimaliza lote mara moja, na nyinyi mnaigawa kazi vipande vipande.