Kukataa kupeleka deklarasyo ya kodi: yaliyonipata Lubumbashi

Ndugu, umeandika hapa hadharani ukiuliza kama unaweza kuacha kupeleka deklarasyo ya kodi, yaani taarifa ya mapato yako, kwa sababu mwaka ulikuwa wa hasara na barabara ya mtaani kwenu ni mashimo matupu. Mimi nilifikiri hivyohivyo nilipokuwa na magazini, yaani duka, ya vifaa vya ujenzi hapa Lubumbashi, katika komini iitwayo Kenya (si ile nchi), nikanyamaza miaka miwili mfululizo. Kuhusu mashimo sibishani nawe. Lakini sheria ya tarehe 13 Machi 2003, inayosimamia taratibu za kodi katika Kongo yetu, haimsamehi mtu kutangaza mapato yake eti kwa kuwa hakupata faida. Kampuni na wafanyabiashara walio chini ya kodi ya faida wanatakiwa kupeleka deklarasyo ya mwaka uliopita kabla ya Aprili kuisha, hata kama hesabu zimeishia kwenye hasara.

Kwanza ilikuja barua ya onyo, ikinitaka nirekebishe mambo ndani ya siku chache. Niliiweka chini ya mizani ya misumari, nikaendelea kuuza.

Mtu akipuuza barua hiyo, DGI, yaani idara kuu ya kodi ya nchi, inapata haki ya kumkadiria kodi yenyewe, jambo ambalo hapa mjini huitwa taksasyo dofisi, na wengi hatulielewi mpaka litufike. Kwa kuwa sikuwa nimewapa tarakimu hata moja, walitumia zile walizoweza kupata, yaani karatasi za forodha za mizigo yangu iliyopita Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Kila bati lililovuka mpaka lilihesabiwa kuwa limeuzwa, ilhali mengine yalikuwa yameshika kutu ghalani na mengine niliwakopesha mafundi ambao sijawaona hadi leo. Nilipolalamika nikaambiwa, tena kwa upole, kwamba aliyekadiriwa namna hiyo ndiye anayepaswa kuthibitisha kuwa makadirio yamezidi. Nikaenda kufungua kopo la maziwa ya unga nilimokuwa natupia risiti zangu: zaidi ya nusu wino ulikuwa umefifia kabisa, zimebaki vikaratasi vyeupe.

Juu ya kodi yenyewe huongezwa asilimia 25 kwa kosa la kutotangaza, na kwa anayerudia kosa ni asilimia 50. Kwa mfano, ukikadiriwa kodi ya faranga milioni 4, nyongeza peke yake ni milioni moja, bado riba ya kuchelewa inayohesabiwa kwa kila mwezi. Usipolipa, mpokezi wa kodi anaweza kuiandikia benki yako itoe pesa zilizomo moja kwa moja, anaweza kukamata mali, na anaweza kufunga duka kwa lakiri. Kwangu walianzia benki. Nilikwenda kutoa pesa za kulipa vibarua, mhudumu akanigeuzia skrini nisome mwenyewe, kwa sababu nadhani aliona aibu kulitamka mbele ya foleni.

Gereza nalo limo katika sheria, ingawa watu hulitia chumvi. Anayeacha kutangaza kwa makusudi anaweza kuhukumiwa kifungo cha siku 1 hadi 40, pamoja na faini iliyo sawa na kodi aliyoikwepa, au adhabu mojawapo kati ya hizo. Akirudia, siku 40 hadi 60 na faini maradufu. Neno zito hapo ni makusudi, na wewe umekwisha kuandika mbele ya watu wote kwamba hutaki kutangaza. Sheria hiyohiyo inahesabu kuwa kosa hata kuwahimiza wengine wasilipe, kwa hiyo wale wanaokupigia makofi hapa nao wachunge midomo yao.

Mimi niliandika malalamiko ndani ya miezi 6 tangu kupokea hati ya kudaiwa, nikaambatanisha nakala za faktire, yaani ankara, nilizokwenda kuwaomba upya wauzaji wangu wa Zambia. Kodi ilipunguzwa, haikufutwa, na nauli za safari hizo hakuna aliyenirudishia.

Umesema barua yako ya onyo imefika juzi. Basi bado uko mahali nilipokuwa mimi kabla sijaiweka yangu chini ya mizani. Peleka deklarasyo yako hata kama huna pesa ya kulipa leo, onyesha hiyo hasara kwa vitabu vyako, na usiondoke dirishani kabla nakala yako haijagongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe.