Yule baba wa Marko 9 hakuambiwa imani yako ndogo

Marahaba mama. Sisi huku Kigoma tupo, mama yako miguu bado inamsumbua ila anatembea mpaka sokoni na kurudi, namshukuru Mungu. Msalimie sana mkwe wangu, na wajina wangu mwambie babu yake anamuwaza.

Sasa nije kwenye ulichoniuliza. Umeandika: "Baba, yule mtoto wa Marko 9 alipona siku ileile, wa kwangu tumemuombea toka yuko chekechea na bado anaanguka, mtumishi anasema kinachozuia ni imani yangu ndogo, nimuachishe vidonge nivilete madhabahuni ndo Mungu atafanya, we baba niambie ukweli, imani yangu ni ndogo?" Afu kwenye voisi nikasikia unalia. Nimeona nisikupigie maana kwenye simu tutalia wote na hatutaelewana, bora niandike usome polepole, na ukitaka msomee na mumeo.

Kabla ya yote, vidonge usiache. Hata usiku mmoja. Ile dawa ya kifafa ikikatwa ghafla mtoto anaweza kuanguka mfululizo bila kuzinduka katikati, na hiyo inaua, hata daktari wa kliniki alishakwambia ukaniambia na mimi. Kama umeshavitoa kwenye kabati vimekaa kwenye pochi vinasubiri jumapili, virudishe kabatini sasa hivi ndo uendelee kusoma.

Haya. Nimeisoma ile habari yote ya mtoto mwenye pepo aliyekuwa anaanguka, Marko 9 kuanzia mstari wa 14 mpaka 29, na Matayo 17 na Luka 9 ambako ni habari hiyohiyo, na nakwambia mwanangu huyo mtumishi ameisoma kichwa chini miguu juu.

Angalia ilivyoanza. Yesu anashuka mlimani na Petro na Yakobo na Yohana, anakuta huku chini wanafunzi waliobaki wamezungukwa na watu na waandishi, yani walimu wa sheria, wanabishana nao. Wanabishana! Mtoto mgonjwa yupo palepale, baba yake yupo palepale, ameletwa apone wameshindwa, na watu wazima wamegeukia mjadala. Yani hapo mimi nilisimama kwa muda maana nimeyaona sana haya, mtoto anaumwa afu wakubwa wanaanza kubishana ni uchawi, ni laana ya upande wa mama, ni mizimu ya kwa baba, ni imani, kila mtu na lake, mtoto amekaa pembeni anawasikiliza. Na usidhani wajina wangu hasikii. Anasikia yote.

Afu angalia mtoto alipoletwa Yesu alianza na nini. Hakuanza na maombi, alimuuliza baba mtu, "Amepatwa na haya tangu lini?" Yule baba akajibu, tangu utoto, na mara nyingi amemtupa katika moto na katika maji amwangamize. Hebu fikiria, mwenye kujua yote anauliza tangu lini, anamuacha mzazi aeleze kila kitu mpaka amalize. Swali lilelile aliloanza nalo daktari siku ile mmeenda kliniki mara ya kwanza, ameanza lini, anaanguka usiku au mchana, aliwahi kuungua, mnachota maji wapi. Sasa nikuulize wewe, huyo mtumishi alikuuliza hata swali moja la mwanao? Aliuliza lile kovu la mkono limetoka wapi? Maana mimi nalijua, lilitoka kwenye jiko la mkaa, na nikisoma "katika moto" naona mkono wa mjukuu wangu, sihitaji mtu anifasirie.

Sasa tufike kwenye imani yenyewe maana ndo swali lako. Yule baba alisema ukiweza neno lolote, utuhurumie na kutusaidia. Ukiweza! Anamwambia Yesu "ukiweza", mbele ya mkutano. Na alikuwa na sababu, ametoka kuona wanafunzi wa Yesu wameshindwa mbele ya macho yake, ungetaka awe na imani ya namna gani saa ile? Yesu akamjibu yote yawezekana kwake aaminiye, na yule baba akapaza sauti akasema, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu."

Hayo ndo maombi yake yote mwanangu. Nusu anaamini nusu haamini, na zote mbili amezisema kwa sauti, hajajifanya. Na Yesu hakumwambia nenda kwanza ukaongeze imani yako urudi wiki ijayo. Hakumwambia lete kitu. Mstari unaofuata kabisa anamkemea pepo na mtoto anapona. Imani iliyomfikisha yule mtoto kupona ilikuwa hiyo hiyo yenye mashaka ndani yake, ya mzazi aliyechoka.

Ni kweli pale mwanzo Yesu alisema "enyi kizazi kisichoamini", ila alisema kwa watu wote waliokuwa pale, hakumnyooshea kidole baba wa mgonjwa. Afu nenda Matayo 17 mstari wa 19 na 20 usome mwenyewe. Wanafunzi walimfuata Yesu faragha wakauliza mbona sisi hatukuweza kumtoa, na Yesu akawajibu ni kwa upungufu wa imani yenu. Umeona aliambiwa nani? Waliambiwa WAOMBAJI. Wale waliojaribu kumtoa pepo wakashindwa. Hakuambiwa mtoto wala hakuambiwa mzazi. Na palepale ndo akasema habari ya imani kiasi cha punje ya haradali, kwamba hata hiyo ndogo inatosha. Kwahiyo kama mtumishi anataka kutumia habari hii kutafuta nani ana imani ndogo, Biblia inamuanza yeye, na akifika hapo inabidi afanye walichofanya wale wanafunzi, aende faragha akamuulize Yesu mbona mimi sikuweza. Hao angalau waliuliza. Kuligeuza hilo neno na kulitwisha mama ambaye halali usiku anasikiliza mtoto anavyopumua, hilo limeniumiza sana, nakwambia wazi.

Najua utasema, lakini baba pale imeandikwa pepo. Ndio imeandikwa, Marko anasema pepo, Matayo anasema ana kifafa na anasema pepo pia, na mimi siwezi kufuta neno la Mungu. Yule wa siku ile Yesu alijua alichokuwa nacho. Ila fungua Matayo 4 mstari wa 24, wanaletewa kwa Yesu wenye pepo, na wenye kifafa, na wenye kupooza, wametajwa mbalimbali na wote akawaponya. Kwahiyo Biblia yenyewe haijasema kila mwenye kifafa ana pepo, na mtu asikuambie hivyo kanisani afu watoto wenzake waanze kukaa mbali nae kwenye benchi.

Hapo nimegusa kitu kingine, nikiseme. Mlipokuja huku krismasi alianguka pale kwa jirani kwenye dagaa walioanikwa, unakumbuka wewe ulikuwa umeenda Mwanga. Watu walirudi nyuma wote, mama mmoja anapiga kelele msiguse hilo povu mtaambukizwa. Nilimlaza ubavu, nikaweka kitenge chini ya kichwa, nikasogeza zile mbao za chanja asijigonge, sikumtia kijiko mdomoni kama walivyokuwa wanataka, nikangoja. Ikapita. Baadae akalala fofofo pale pale mchangani, amelegea kabisa, na mtu nyuma yangu akasema huyu si amekufa. Ni maneno yaleyale ya Marko mstari wa 26, mtoto akawa kama amekufa hata wengi wakasema amekufa. Na mstari wa 27 ndo naupenda kuliko yote, "Lakini Yesu akamshika mkono, akamwinua, naye akasimama." Ametoka kugaagaa kwenye vumbi, ana povu, watu wanamuogopa, Yesu anamshika mkono. Kifafa hakiambukizi kwa povu wala mate wala kugusana, madaktari wanasema hivyo, na Bwana wetu alishagusa toka zamani. Kwahiyo hicho kikombe mlichomtengea peke yake hapo nyumbani, naomba kirudi na vikombe vingine. Mwambie mama mkwe wako kwa heshima, ila kirudi.

Kuhusu dawa na imani. Kuna watu wanaongea kama kumeza kidonge ni kumkana Mungu. Soma Isaya 38. Mfalme Hezekia anaumwa kufa, anaomba analia, Mungu anamtuma Isaya amwambie nimesikia maombi yako, nimeyaona machozi yako, nakuongezea miaka 15. Ahadi imeshatoka, imetoka kwa Mungu mwenyewe, tarakimu imetajwa. Na bado Isaya yuleyule nabii anasema watwae mkate wa tini wauweke juu ya jipu naye atapona. Nabii ndo ametoa dawa! Hakusema ahadi inatosha tini za nini. Hezekia hakuambiwa achague. Basi na wewe jioni mpe kidonge chake, mshike kichwa umuombee, vyote kwa pamoja, na usijione mnafiki.

Na kama huyo mtumishi ana uhakika mtoto ameshapona, vizuri sana, mimi nitakuwa wa kwanza kutoa shukrani. Ila Yesu alipomtakasa mwenye ukoma Marko 1 alimwambia nenda ukajionyeshe kwa kuhani, yani wanaohusika wathibitishe. Aliyepona kweli haogopi kupimwa. Daktari ndo aseme, na wao wana utaratibu wao, mara nyingi wanataka mtoto akae kama miaka 2 hivi bila kuanguka ndo wafikirie kupunguza, na wanapunguza kidogo kidogo. Uponyaji wa Mungu utakuwepo tu mpaka siku ya kliniki, hauishi muda.

Sasa kwanini wa kwao alipona siku ileile na wa kwetu bado. Mwanangu hilo sina jibu na sitakutungia. Ninachokijua ni kwamba kwenye Biblia hiyohiyo kuna watu wa Mungu waliobaki wanaumwa na hakuna aliyewasema. Paulo aliyeponya wengi anamuandikia Timotheo, Trofimo nalimwacha huko Mileto, hawezi, yani anaumwa. Basi, hakuongeza neno. Hakusema Trofimo imani yake haba. Na Timotheo mwenyewe alikuwa na tumbo na magonjwa ya mara kwa mara, na ushauri aliopewa na Paulo ni atumie divai kidogo. Na Paulo nae na mwiba wake, ile shida iliyomtesa mwilini, aliomba mara tatu, akajibiwa neema yangu yakutosha. Hawa ni watu wa kwenye hizo barua tunazosoma kanisani. Kwahiyo nyumba yenye mgonjwa haijaachwa na Mungu, na usikubali jumapili uingie kanisani umeinama.

Ulichoniuliza nakujibu: mi naiona imani yako ni ileile ya yule baba, na ilikubaliwa. Umembeba mtoto ukampeleka kwa Yesu, waombaji wameshindwa, na bado hujaondoka, umebaki pale pale unaomba. Siku ukiwa huna maneno sema yale yake, naamini nisaidie kutokuamini kwangu, huna haja ya kuongeza kitu. Mimi nayasema kila siku asubuhi kwa ajili ya wajina wangu.

Madhabahuni usipeleke vidonge wala usiende kugombana. Mkituma ujumbe, mumeo ndo aongee, aseme baba mkwe kasema tutaendelea na dawa na tunaomba mtuombee, basi. Akikasirika atafute wengine. Kama hapo hamna amani hamieni kanisa lingine, yapo mengi Tabora.

Yaliyobaki ni ya nyumbani. Jiko la mkaa lipandishwe juu ya ile meza ya matofali, asiachwe nalo peke yake. Kisimani asitumwe, aoge kwa ndoo na mlango usifungwe kwa ndani. Mwalimu wa darasa aambiwe ukweli, afundishwe kumlaza ubavu na kuangalia saa, ikipita dakika 5 kutetemeka hakujaacha apelekwe hospitali bila kungoja mzazi. Na kliniki usikwepe kisa iko kwenye jengo la wagonjwa wa akili na watu wanakuona pale kwenye benchi. Wakuone. Safari ijayo ntakuja na treni nikae pale na wewe, nina maswali yangu ya kumuuliza daktari kuhusu zile dozi za usiku anazosahau. Angalia kwenye kadi yake tarehe ipi wameandika, nitumie leo nikate tiketi mapema.

Baba yako