Ritifaa ya ng'ombe, na maswali mengine ya walimu

SWALI: Nafundisha wageni Kiswahili. Nimewatungia zoezi la kujaza jibu kwenye Google Forms. Mmoja kaandika "ng'ombe" sawasawa, mashine ikamkosesha. Mwenzake kaandika vilevile, kapata. Sasa wanasema napendelea.
Mwalimu, Zanzibar

JIBU: Hukupendelea, mwalimu. Mchawi ni ritifaa, ile alama inayofuata "ng" katika ng'ombe. Kwa macho ni moja, kwa kompyuta ziko mbili: iliyonyooka (') na iliyopinda (’). Ukiandika jibu kwenye Word kisha ukalinakili, Word imeshaipinda bila kukuuliza. iPhone nayo huipinda ikiwa Smart Punctuation imewashwa. Huzimwa kwenye mipangilio, chini ya General kisha Keyboard. Fomu hulinganisha herufi kwa herufi, haijui ng'ombe ni nini.

Fungua swali lako, nenda kwenye ufunguo wa majibu, uongeze jibu la pili lenye ritifaa iliyopinda. Kwenye simu utaipata ukishikilia kitufe cha ritifaa kwa muda. Kisha ongeza zote mbili kwa herufi kubwa, "Ng'ombe", maana simu hupenda kuanza na herufi kubwa yenyewe. Hayo ni majibu manne kwa neno moja. Kile kisanduku cha kuhesabu majibu mengine yote kuwa makosa usikitie alama mpaka uwe umeyapitia majibu ya kundi la kwanza kwa macho yako.

Ila kama shabaha yako ni upatanisho wa kisarufi, neno ng'ombe liweke ndani ya swali, siyo kwenye jibu: "Ng'ombe wawili ___ zizini jana (lala)." Jibu ni "walilala". Atakayeandika "zililala" amekuonyesha mwenyewe wapi hajaelewa: kafuata umbo la nomino, kasahau kwamba ng'ombe ana uhai.

SWALI: Wakati wa likizo nawapa wanafunzi wangu wa sekondari zoezi la matamshi kwenye kundi la WhatsApp. Wako 40. Sauti zinarundikana, sijui ya nani ni ipi.
Mwalimu, Nyeri

JIBU: Funga kundi ili wasimamizi pekee watume ujumbe. Wewe weka humo maandishi na sauti yako ya mfano. Wao wakutumie faraghani. Kila mmoja aanze kwa kutaja jina lake, kwani wengi hutumia simu ya mzazi na wewe unaona "Mama Fulani" tu.

Wape sekunde 20, si zaidi. Mara 40, hizo ni sekunde 800, dakika 13 na ushee za kusikiliza. Aya ndefu itakuchosha na haikuambii kitu. Jozi fupi zinatosha: kula na kura, dhana na zana, thamani na samani. Changanya mpangilio, la sivyo watasoma kwa mdundo wa kukariri.

Simu iwe umbali wa shubiri moja, pembeni kidogo ya mdomo. Ikiwa mbele kabisa, pumzi ya p na b hupiga maikrofoni. WhatsApp huibana sauti, hivyo ukitilia shaka th na s, usikate alama. Mwambie arekodi kwa programu ya kinasa sauti ya simu, akutumie faili kama hati.

SWALI: Nitajuaje insha imetafsiriwa na mashine?
Mwalimu, Arusha

JIBU: "Yeye" na "wao" kuanza kila sentensi ni dalili, si ushahidi, anayejifunza naye huandika hivyohivyo. Mwite, funika karatasi, akueleze aya ya pili kwa mdomo.