Usiwapime watu wa boda kwa simu zao wenyewe

Simamisha hiyo kazi kabla hujamtumia mtu yeyote kiungo cha jaribio. Umeandika kwamba unataka kulinganisha muda wa kuitikia, yaani toka mtu aone ishara hadi abonyeze, wa wahudumu wa boda pale Kondele na wa makarani wa ofisi za Kisumu mjini. Boda wabonyeze kwenye simu zao, makarani kwenye kompyuta za kazini. Halafu unauliza kila mtu arudie mara ngapi, na utumie wastani au mediani, ile namba ya katikati. Hayo yangoje. Utaangukia kwenye vifaa.

Kwenye tasnifu yetu ya uzamili tulipitia njia hiyo hiyo. Kundi moja lilikuwa wavuvi wa Dunga, na simu za bei rahisi zenye vioo vilivyopasuka. La pili wanafunzi, kwenye kompyuta za maabara. Matokeo yakatoka mazuri ajabu: wavuvi walichelewa kwa makumi ya milisekunde (milisekunde ni sehemu ya elfu ya sekunde), na tayari tulikuwa tunaandika kurasa kuhusu uchovu wa kuvua usiku. Mtahini akauliza swali moja: simu hizo huchukua muda gani kutambua kidole? Hakuna aliyejua. Tukawaketisha wanafunzi walewale na simu zilezile, nao wakawa wazito karibu sawa na wavuvi. Sura nzima ikatupwa, pamoja na pesa za nauli na za kuwalipa washiriki muda wao.

Ninayemkasirikia hadi leo ni mwalimu wa mbinu za utafiti aliyetufundisha kwamba makosa ya mashine hujifuta yenyewe ukipata watu wengi. Si kweli, na alipaswa kujua. Kosa linaloyumba huku na huku, sawa, hupungua ukiongeza majaribio. Skrini ya kawaida hujichora upya mara 60 kwa sekunde, yaani kila milisekunde 16.7, na kibodi nyingi za USB husomwa kila milisekunde 8 hivi. Hayo ni ya aina hiyo, unaweza kuyavumilia. Lakini simu inayochelewa milisekunde 60 huchelewa hivyo kila mara kidole kinapogusa. Ukileta watu elfu utapata uongo uleule, ila sasa utauamini zaidi. Na kumbuka kijana mzima akiona mwanga hubonyeza baada ya milisekunde 200 hadi 250 tu, kwa hiyo tofauti unayoitafuta kati ya makundi yako inaweza kumezwa yote na kifaa.

Tena uongo huo una anayeumia. Wale wavuvi walikaribia kuandikwa kwamba vichwa vyao ni vizito kwa sababu tu hawakuwa na pesa za simu nzuri. Watu wako wa boda wanalaumiwa vya kutosha barabarani. Hebu fikiria karatasi yenye muhuri wa chuo ikisema wanachelewa kuitikia.

Kwa hiyo: kifaa kimoja kwa kila mtu, na ikiwezekana kila mtu alinganishwe na yeye mwenyewe. Donders, mwanafiziolojia, alishaionyesha njia kule Uholanzi mwaka 1868. Alipima mtu akiitikia kitu kimoja, akampima tena akilazimika kuchagua, kisha akatoa muda wa kwanza kwenye wa pili. Ucheleweshaji wa mashine uko pande zote mbili, kwa hiyo ukitoa, unaondoka. Kwa mfano, mpime mwendeshaji asubuhi kabla ya abiria wa kwanza, umpime tena jioni, laptop ileile, kibodi ya waya ileile. Hapo utasema kitu cha kweli kuhusu uchovu, bila hata kuwahitaji makarani.

Usipimie nje kwenye steji. Jua la Kisumu saa saba mchana halimwachi mtu aone skrini. Omba chumba cha duka lililo karibu. Chaji laptop mapema, uzime hali ya kuokoa betri, maana kwenye mashine nyingine hiyo hupunguza kasi ya skrini, na asubuhi yako haitafanana na jioni yako.

Najua utasema laptop ni moja na watu ni wengi. Basi punguza watu. Mediani tutaijadili baadaye. Niandikie kwanza hapa una laptop gani na kibodi gani, na kama unaweza kuzishika mpaka mtu wa mwisho apimwe, kabla hujampigia simu mwenyekiti wa steji.