Uwani kwangu kunguru tu, nipande nini wachozi na nyuki waje?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mi nakaa Goba, Dar es Salaam, eneo letu ni kama mita 20 kwa 20, fundi katandika pevingi karibu uwanja wote, ukutani kuna Ashok zimepangwa mstari na getini bogonvilia. Wanangu wanapenda sana ndege lakini hapa tunaona kunguru tu. Nimekulia Kisarawe, kule wachozi, vile vindege vya mdomo uliopinda vinavyonyonya maua, ilikuwa kila asubuhi. Nipande nini? Baba watoto hataki mti mkubwa karibu na shimo la choo.

JIBU: Dada yangu, kama umekulia Kisarawe basi jibu liko kwenu, mimea uliyoiona utotoni ndo hiyohiyo ya kuileta uwani. Ashok asili yake India, bogonvilia Amerika Kusini, zinapendeza lakini chozi akifika pale hapati kitu cha maana, hata ile rangi ya bogonvilia ni majani, ua lenyewe ni kale kadogo keupe katikati. Sisemi ung'oe. Ila toa pevingi upande mmoja, hata upana wa mita moja tu, na huo udongo usiupande wote, acha sehemu wazi inayopigwa jua, maana nyuki sio wale wa mizinga peke yao, wapo wengi sana wanaoishi mmojammoja wakichimba vishimo ardhini na kulea humo, sasa ukishaziba kote na saruji wataenda wapi?

Anza na kivumbasha, kinaota kwa mbegu, hakina usumbufu na kikichanua nyuki wanashinda hapo. Halafu mishubiri ya porini, ile ya maua mekundu marefu membamba, mdomo wa chozi uliopinda unaingia mle vizuri kabisa. Kwa mti mi ningeweka mkole, Wazaramo wanauheshimu sana kwenye mambo ya mwali, na unaweza kuukata ukabaki kichaka tu, maua yake ya njano ni ya nyuki na vitunda vyake shore na ndege wengine watavigombania. Vitalu vingi vya barabarani vinauza maua ya nje, kwahiyo waulize TFS, wale Wakala wa Huduma za Misitu, au ukienda nyumbani omba mbegu kwa wazee, usiende kung'oa miche msituni.

Na tafadhali sana dada, punguza dawa za kupuliza. Chozi mkubwa anakunywa utamu wa maua lakini makinda anayalisha wadudu na buibui, tena kiota chake anakifunga kwa utando wa buibui, kwahiyo usifagie kila kona ya nje. Kama una mlimao na ukaona viwavi wanaofanana na kinyesi cha ndege, waache, watakula majani kidogo halafu utapata vipepeo wakubwa weusi wenye madoa ya njano.

Hao kunguru nao wanataka kushughulikiwa. Waliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 wakaenea, na wanakula mayai na makinda ya ndege wadogo, yaani unaweza ukapanda vizuri halafu viota vyote wakavimaliza. Wanafuata mabaki ya chakula, ndoo ya taka iwe na mfuniko kila siku, na kichaka chako kiwe kimeshonana ili kiota kisionekane.

SWALI: Kuna vijinyuki vyeusi vidogo vimetoboa ukuta wa nyumba yetu Morogoro, mlangoni kwao wameweka kimrija kama cha nta. Nivichome moto?

JIBU: Hapana kaka, usichome kabisa! Hao ni nyuki wadogo wasiouma, hawana mwiba wa kukudunga, ukiwasumbua sanasana wataingia kwenye nywele na macho. Hawajakutobolea ukuta, wameingia kwenye ufa uliokuwepo, na wanachavusha mazao na maua ya mtaa mzima. Asali yao ni kidogo ila watu wanaitafuta sana kama dawa. Ukitaka kupaka rangi au plasta, pita pembeni, ule mrija uache wazi.