Joto la Bagamoyo baada ya Krismasi: jibu kwa familia inayoshuka kutoka Njombe

Ndugu muulizaji, umeeleza kwamba mnashuka kutoka Njombe mara baada ya Krismasi kwa mapumziko ya wiki moja hapa Bagamoyo, mkiwa na watoto wa shule ya msingi, mtoto wa dada yako mwenye ualbino, na mama mkwe wako anayetumia dawa za presha, na kwamba siku moja mmeitenga kwa ajili ya bustani ya michezo ya maji ya Kunduchi. Umeuliza mfanye nini ili joto lisiwaharibie safari. Mimi ni mkazi wa hapa, na kila mwisho wa mwaka nyumba yetu hujaa ndugu kutoka bara, kwa hiyo nitakujibu kwa yale ninayoyaona kwa wageni wangu mwenyewe. Ushauri wa kunywa maji mengi ni sahihi, lakini peke yake hautoshi. Kinachowaokoa wageni wa bara ni ratiba, yaani kujua saa za kutoka na saa za kukaa ndani, na kuifuata ratiba hiyo hata pale fedha za kiingilio zinapowashawishi kuivunja.

Kwanza uelewe joto lenyewe. Kipimo cha mchana hapa kati ya Desemba na Machi huwa nyuzi 31 hadi 33, idadi ambayo mtu wa Dodoma akiisikia hashtuki. Tofauti iko katika unyevu. Mwili hujipoza kwa jasho linalokauka juu ya ngozi, na hewa ya pwani wakati wa kaskazi imeshiba maji kiasi kwamba jasho hutiririka badala ya kukauka, hivyo mtu hupoteza maji na chumvi bila kupata ubaridi aliopaswa kuupata. Ninyi mnatoka mji ulio karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mwili huhitaji wiki moja hadi mbili kulizoea joto la namna hii, maana yake mtaanza kuzoea mkiwa mnafungasha mizigo ya kurudi. Siku mbili tatu za mwanzo ndizo za hatari zaidi, na bahati mbaya ndizo ambazo watoto huwa na hamu ya kukimbia kila mahali. Kwa sababu hiyo, siku ya Kunduchi iwekeni mwishoni mwa wiki yenu, isiwe ile ya kesho yake baada ya safari ndefu ya basi.

Mwezi wa Januari jua hufika juu kabisa kama saa 6 na nusu mchana, na joto la hewa huendelea kupanda hata baada ya hapo, hadi kama saa 9 alasiri. Utaratibu ninaowapa wageni wangu ni kuwa nje kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 4, kurudi ndani, kuoga, kula kidogo na kulala, kisha kutoka tena saa 10 alasiri. Watoto wa bara huukataa usingizi wa mchana siku ya kwanza, wakidhani wanaadhibiwa, lakini kufikia siku ya tatu huwa wanautafuta wenyewe.

Ukiufuata utaratibu huo, vivutio vya Bagamoyo hujipanga vyenyewe. Magofu ya Kaole, yaliyo kilomita chache kusini mwa mji, yaendeeni mapema, mara tu geti linapofunguliwa, kwa sababu misikiti na makaburi yale ya mawe ya matumbawe yako wazi juani, na mikoko iliyoziba bandari ya kale huzuia sehemu kubwa ya upepo wa baharini. Misheni ya Kikatoliki iliyoanzishwa mwaka 1868 inaweza kufuata siku nyingine mnamo saa 3, kwani pale kuna njia yenye miembe mikubwa pande zote mbili, kuna mbuyu, na kuna makumbusho ambamo mnaweza kukaa ndani huku watoto wakisimuliwa jinsi mwili wa Livingstone ulivyofikishwa hapo mwaka 1874 baada ya kubebwa kutoka bara. Mitaa ya Mji Mkongwe ni ya jioni, wakati nyumba za upande mmoja zimekwisha kutupa kivuli barabarani.

Bahari nayo ina saa zake. Ufuko wetu ni tambarare, na maji yakitoka hurudi mbali sana, mkabaki na mchanga mtupu unaochoma. Siku za bamvua, yaani karibu na mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji hujaa mnamo saa 10 alasiri, na huo ndio wakati mwafaka wa kuwapeleka watoto kuogelea. Siku za katikati maji hujaa kuelekea adhuhuri, na hapo ni heri mkose kuogelea kuliko kuwaweka watoto juani saa hizo. Ulizeni wavuvi pale soko la samaki. Watawaambia saa bila hata kutazama simu.

Sasa nije Kunduchi, maana ndiko ratiba inapovunjika. Bustani ile iko kaskazini mwa Dar es Salaam, na mtaiendea kwa barabara hiyo hiyo ya Bagamoyo. Wazazi wengi hudhani kwamba mtoto aliye majini hawezi kuzidiwa na joto, na hapo ndipo wanapokosea. Mtazame mtoto katika michezo ya kuteleza: anashuka na maji kwa muda mfupi sana, kisha anatembea juu ya sakafu ya saruji inayowaka, anapanda ngazi, anasimama kwenye foleni juani hadi mabega yanakauka kabisa, anateleza tena, na mzunguko unaendelea. Muda wake mwingi haupiti majini bali kwenye ngazi. Kwa kuwa amelowa, hahisi jasho wala kiu, na akiitwa kunywa maji anajibu kwamba hana kiu, jambo ambalo kwake ni kweli ingawa mwili wake umekwisha kupungukiwa.

Fikeni pale wanapofungua, na jambo la kwanza kabla ya mtu yeyote kuingia majini liwe kutafuta sehemu yenye kivuli ambacho kitabaki hadi alasiri, si kile kitakachohama baada ya saa moja. Michezo yenye foleni kubwa imalizeni asubuhi. Ikifika saa 6 kila mtu atoke majini, avae nguo kavu, ale na kupumzika hadi kama saa 9, kisha warudi. Najua mtahesabu kwamba mmelipa kiingilio cha siku nzima na saa tatu zinapotea bure, lakini mtoto aliyepumzika mchana hucheza hadi jioni, ilhali asiyepumzika huanza kulia na kutapika saa 8, na siku yenu huishia hapo. Kila mtoto awe na kandambili za kuvaa hadi mguu wa ngazi, na fulana nyepesi juu ya nguo ya kuogelea. Kila baada ya nusu saa mwite kila mmoja anywe mafunda kadhaa mbele yako, bila kuuliza kama ana kiu. Kuhusu kuingia na vinywaji vyenu, ulizeni kabla ya kwenda, ili msije mkaacha chupa zote getini. Na mkiwa na gari, asiachwe mtoto ndani hata kama amelala na hata kama ni kwa dakika chache tu, kwa maana gari lililofungwa juani huweza kuongeza nyuzi kama 10 ndani ya dakika 10.

Kwa mtoto wa dada yako, nisingempeleka majini kati ya saa 4 na saa 10 kabisa. Awe na kofia yenye ukingo mpana unaofunika masikio na shingo, mikono mirefu, miwani ya jua, na mafuta ya kukinga jua yapakwe kama nusu saa kabla ya kutoka, yarudiwe kila baada ya saa mbili na kila anapotoka majini. Msiyaache nyumbani mkitarajia kuyakuta duka la jirani. Yale ya Kilisun, yanayotengenezwa Moshi kwa ajili ya watu wenye ualbino, hayauzwi kama bidhaa ya kawaida bali hutolewa kupitia kliniki, kwa hiyo dada yako aulize anakohudhuria mtoto mapema kabla ya safari. Mawingu nayo yasiwadanganye, kwani miale inayounguza ngozi hupita hata siku ambayo jua halionekani.

Mama mkwe anahitaji uangalizi wa namna nyingine. Kadiri mtu anavyozeeka ndivyo hisia ya kiu inavyopungua, na baadhi ya dawa za presha hufanya kazi kwa kutoa maji mwilini kwa njia ya mkojo. Mweleze daktari wake kwamba anakwenda kwenye joto, na muulize kama kipimo cha dawa kibadilishwe, msipunguze wenyewe. Kwa heshima zote, wazee wetu pia huogopa kunywa maji safarini kwa sababu ya shida ya vyoo, na hawatasema. Mpangieni vituo vya kushuka njiani bila kumsubiri aombe.

Upande wa vinywaji, madafu ni mazuri na watoto huyapenda, lakini yana potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, kwa hiyo hayarudishi chumvi yote inayotoka kwa jasho. Chukueni pakiti za ORS, yaani unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, katika duka la dawa, na zikiisha changanyeni lita 1 ya maji safi na salama, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Hii ni kwa aliyetoka jasho jingi, anayetapika au anayeharisha. Isiwe kinywaji cha kila saa, hasa kwa mama mkwe mwenye presha. Kwa siku nzima maji, juisi ya ukwaju na tikiti vinatosha. Kuweni waangalifu na barafu za mitaani, na zaidi na vyakula vya nazi. Wali wa nazi uliopikwa asubuhi kwa ajili ya kubeba huchacha kabla ya alasiri katika joto hili, na tumbo linaloendesha humkausha mtu haraka kuliko jua. Vya nazi viliwe vikiwa vya moto, usiku, hapa hapa vinapopikwa.

Mnapochagua chumba, msiangalie picha ya kitanda, ulizeni paa. Chumba cha bati kisicho na dari huendelea kuchoma hadi usiku mwingi, wakati paa la makuti au chumba cha chini katika jengo la ghorofa hupoa mapema. Kiyoyozi ni kizuri umeme ukiwepo. Feni ya dari hupoteza nguvu ikikutana na chandarua, kwa hiyo ombeni feni ya kusimama na muielekeze ubavuni mwa kitanda, na chandarua kisiondolewe hata kidogo. Watoto wakitokwa na harara shingoni na mgongoni, waogesheni kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, wakausheni vizuri na wavae pamba nyepesi, bila kuwapaka mafuta mazito. Jezi za Simba na Yanga ni za kitambaa kisichonyonya jasho. Ninajua vita itakayozuka, lakini zifuliwe na zingoje jioni.

Mtu akipata kizunguzungu, kichefuchefu, kichwa kuuma na jasho jingi, mlazeni kivulini, inueni miguu yake, mlowesheni na mpeni maji kidogo kidogo. Akianza kuchanganyikiwa, kuongea maneno yasiyoeleweka, kupata degedege au kupoteza fahamu huku mwili ukiwaka moto, hiyo ni dharura: mmwagieni maji mwili mzima, mpepeeni mfululizo hata njiani, na mkimbizeni hospitali, na asiye na fahamu asinyweshwe chochote. Panadol haishushi joto la namna hiyo. Jambo jingine linalowachanganya wageni ni malaria. Homa inayoanza siku ya pili baada ya kufika haiwezi kuwa imetokana na mbu wa hapa, kwa sababu vimelea huhitaji angalau wiki moja mwilini kabla ya homa kutokea. Hata hivyo pimeni, na zaidi mkumbuke kupima mtakapokuwa mmerudi Njombe, kwa kuwa huko homa ya mtoto inaweza kudhaniwa ni mafua ya baridi.

Kuhusu swali lako la mwisho, kama tarehe zinaweza kubadilika, ningekushauri umlete mama mkwe mwezi wa sita shule zinapofunga tena, wakati kusi inavuma na usiku unahitaji shuka. Watoto wanaweza kuja Desemba kama mlivyopanga. Na ikiwa mmeshalipia wote, ombeni mwenye nyumba ya wageni ampe mama chumba kilicho karibu zaidi na choo na chenye dirisha la upande wa baharini, na mumwombe kabla hamjafika, kwa sababu wiki ile vyumba hivyo huwahiwa.