Uliza Shangazi: Nataka kijibwa, nakaa Paje, nichukue yupi?

*Shikamoo shangazi. Mimi ni dada wa miaka 27, kwetu Arusha ila nafanya kazi mapokezi kwenye hoteli moja huku Paje, pwani ya Unguja. Nimepanga chumba ndani kijijini, uwanja tunashea na familia ya mwenye nyumba. Nikirudi jioni upweke unanimaliza kwa kweli, nimeamua nifuge mbwa mdogo wa kukaa naye. Nimependa Pug, yule mwenye sura ya kujikunja, na Pomeranian pia. Kuna mtu Dar anauza Pug, anasema nitume nusu ya hela kwa simu halafu atampakia boti. Nichukue yupi? – Dada wa mapokezi, Paje*

Marahaba mwanangu. Hela usitume. Hilo tulimalize kwanza ndo tuendelee, mana picha ya kijibwa kizuri kila mtu anayo kwenye simu yake, mbwa mwenyewe ndo hamna, na ukishatuma nusu utaambiwa kuna hela ya boksi, mara hela ya daktari, mara simu haipatikani. Mtoto wa mbwa unakwenda kumuona kwa macho yako akiwa na mamake, umtazame na huyo mama yukoje, mkali au mpole, na usimchukue kabla hajatimiza wiki nane. Na hata kama huyo wa Dar ni wa kweli, mnyama wa kuvuka bahari anataka cheti cha chanjo na vibali vya watu wa mifugo, ulizia huko kabla hujanunua, sio gunia la vitunguu hilo ukamwambia kuli nipakilie.

Haya, tuje kwa Pug. Mie mwenyewe nampenda, macho yale nani asiyempenda, lakini kwa Paje ntakwambia hapana bila kuzunguka. Mbwa hatoki jasho mwili mzima kama sie, anajipoza kwa kuhema, ulimi nje, hewa inapita mdomoni na puani inatoka na joto. Sasa Pug pua yenyewe imebonyea, matundu membamba, njia ya hewa ndani imebanana, kwahiyo pale anapotaka kuhema kwa nguvu ndo hewa haipiti, anakoroma, anazidi kupata joto kwa ile tabu ya kuhema kwenyewe. Joto la mbwa mzima ni kama 38 na kitu mpaka 39, likifika 41 hapo unaweza kumpoteza mnyama. Na wewe unajua chumba cha mabati mwezi wa pili kinavyokuwa, kaskazi limekaza, umeme umekatika, feni imesimama, wewe uko mapokezi unawachekea wageni na yeye kafungiwa ndani. Mashirika mengi ya ndege hayataki kuwabeba hawa wa pua bapa kwenye sehemu ya mizigo, hawapendi kuteremsha maiti. Kwahiyo Pug, Pekingese, Shih Tzu, na yule bulldog wa Kifaransa ambaye sa hizi kila mtu anamtaka, wote waachie wenye nyumba za eisii mchana kutwa.

Pomeranian naye ana lake. Ni mdogo, kilo mbili tatu tu, lakini asili yake ni mbwa wakubwa wa nchi za baridi, wakazalishwa wakapunguzwa mpaka wakawa hivyo, manyoya wakabaki nayo. Yako matabaka mawili, la chini limejaa kama sufi. Watu wa huku wanaona bora wamnyoe kipara apate upepo, usifanye hivyo, manyoya yale yakinyolewa kuna wakati hayarudi sawasawa, yanatoka viraka viraka, na ngozi inapigwa jua moja kwa moja.

Na ukikutana na muuzaji anakwambia huyu ni wa saizi ya kikombe, "mini mini", bei mara mbili, kimbia. Hakuna aina ya mbwa inayoitwa hivyo, ni watoto waliozaliwa wadogo kupita kiasi, wanashuka sukari wakikosa chakula masaa machache tu, na wewe shifti yako si masaa machache.

Hapo kwenye shifti ndo nnapotaka kukaa kidogo, mana umeniuliza aina ya mbwa lakini hukunambia siku yako inakwendaje. Mtu wa mapokezi anatoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, anarudi saa kumi na moja, mwenziwe akiumwa anaunganisha mpaka usiku. Vijibwa hivi vya mapajani vimezalishwa miaka na miaka kwa kazi moja tu, kukaa na mtu. Mbwa wa shamba ukimwacha ana kazi zake, anazunguka, analala, anabwekea mpita njia. Hichi cha mapajani ukikiacha peke yake masaa kumi kinalia mchana kutwa, kinatafuna ndara zako, kinakojolea godoro, halafu jirani aliyetoka kuvua usiku anataka kulala anasikia kelele zake tu. Wewe utakuwa umeondoa upweke wako umemtwika yeye.

Na masika je? Mwezi wa nne na wa tano hoteli nyingi zinafunga au zinapunguza watu, nyote mnarudi kwenu. Wale mbwa wanaozurura pwani hawakushuka na mvua, wengine waliletwa na watu wakafurahiwa msimu mmoja, mwenyewe akapanda boti. Kama huna mtu wa kukaa naye hiyo miezi, mtu wa kweli mwenye jina, usifuge bado.

Tena nimesoma umesema uwanja mnashea. Ongea na mwenye nyumba kabla, sio umlete halafu ukaombe radhi. Huku wengi wetu ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii, mate ya mbwa yakigusa chombo kinaoshwa mara saba na moja iwe kwa udongo, sasa fikiria ndoo ya kutilia udhu iko pale uwanjani, mkeka wa kusalia umeanikwa, na kijibwa chako kinapenda watu kinakwenda kulamba kila kitu. Si chuki kwa mnyama wala kwako, ni tohara ya watu, yaani usafi wa kusalia. Ukimfuata kwa adabu, ukamwambia mbwa atakuwa na kibanda chake upande ule, chombo chake mbali, akitoka anatoka na kamba, pengine atakukubalia, wako wenye nyumba wanaopenda pawe na wa kubweka usiku. Akikataa, amekataa.

Sasa tuseme mwenye nyumba karidhia, na masika una mtu. Ushauri wangu mie ni mtoto wa mbwa wa kienyeji, jike mdogo mdogo wa hapo hapo pwani. Nnajua hakumo kwenye picha zako. Lakini manyoya mafupi, pua ndefu, joto kazaliwa nalo, akikua hatazidi sana kilo kumi na tano, na mchana ukiwa kazini anaweza kulala kivulini uwanjani bila ya kurukwa na akili. Mchanje, mpe dawa ya minyoo, mfunge kizazi akifika umri. Kama roho yako imeng'ang'ania wa kizungu basi Chihuahua wa manyoya mafupi ndo angalau, joto analistahamili kuliko wenziwe, au Maltese ukiwa tayari kumkata manyoya yawe mafupi kila baada ya wiki kadhaa. Lakini hao wawili wote wanataka mtu nyumbani, kwahiyo narudi pale pale kwenye shifti.

Vitu vitatu vya pwani mtu wa Arusha huenda havijui. Mchanga wa adhuhuri unaunguza nyayo, weka mgongo wa mkono wako chini uhesabu mpaka saba, ukishindwa wewe na yeye hawezi, mtoe baada ya alfajiri na baada ya alasiri jua likishapoa. Pili, bunju, yule samaki anayejivimbisha, akitupwa na maji akakaukia ufukweni, mbwa akimtafuna ndo basi tena, sumu ile haina mchezo, kwahiyo kamba usiifungue ovyo. Tatu, jirani atakuletea sahani ya pilau kwa wema wake na wewe utampa mbwa mabaki, usimpe, mle mna zabibu na kitunguu, zabibu zinaua figo za mbwa na kitunguu kinaharibu damu. Mpe wali mtupu na dagaa waliochemshwa, atashukuru. Na kupe mtafute kila jioni, masikioni na katikati ya vidole, homa ya kupe huku ndo inayowamaliza.

*Assalaam alaykum shangazi. Mwanangu wa kike wa miaka sita kaona Chihuahua kwenye simu ya mamake, sa hizi kila siku ni kilio. Tunakaa fleti Michenzani ghorofa ya nne. Anasema ni kidogo kama paka, hakina tabu. – Baba wa watatu*

Waalaykum salaam. Habari ya mbwa ndani ya nyumba mnayosalia kamuulize sheikh wako, mie sitii mguu huko, nazungumza ya mnyama tu. Chihuahua mzima ni kama kilo mbili na nusu, miguu njiti za kibiriti, akirushwa na mtoto kutoka kwenye kochi anavunjika, na mtoto wa miaka sita mapenzi yake ni kukumbatia kwa nguvu. Akiumizwa anauma, na anauma usoni mana ndo uso ulipo karibu. Halafu lazima ateremshwe chini mara tatu nne kwa siku, ghorofa nne, mtoto ataahidi yeye, atakayeshuka ni mamake. Wanaishi miaka 14 mpaka 16 hawa, bibie ataolewa akuachie.

Mpe paka bwana. Tohara yake haina ugomvi, ngazi hataki, na watoto wa paka Mjini hapa ukisema tu unataka kesho yake wako watatu mlangoni. Mchanje na umfunge kizazi, usije ukanilaumu ukawa nao kumi na mbili.

*Shangazi, mimi ni mwalimu mstaafu huku Wete, Pemba, nina kuku wangu shambani na ngawa wananimaliza. Kijana wangu aliyeko Uingereza anataka kuniletea Jack Russell, anasema ni mdogo ila mkali. Unasemaje?*

Mwalimu, shikamoo. Kijana hakukosea, ni mdogo na ni mkali kweli, kule Uingereza karne ya 19 kuna kasisi aliyewazalisha kwa kuwinda mbweha, wanaingia mpaka mashimoni. Tatizo ni kwamba anayekimbiza mbweha anakimbiza na kuku, wako na wa jirani, na asipopata kazi ya kutosha anachimba, atakung'olea hata miche ya mikarafuu. Anataka mtu wa kukimbia naye asubuhi na jioni. Wewe magoti unayajua mwenyewe.

Chukua mtoto wa kienyeji hapo hapo Wete, mkuze katikati ya kuku tangu mdogo awaone ni watu wa nyumbani. Chanjo ya kichaa akitimiza miezi mitatu, halafu kila mwaka, usisamehe, Pemba kichaa cha mbwa kilishamalizwa kwa chanjo, mwaka 2016 kikarudi, watu wakaanza upya kuchanja. Na hela ya kumsafirisha huyo Jack Russell mwambie kijana akutumie ununulie wavu mzuri wa banda, ngawa anakuja usiku wa manane na saa hizo mbwa naye huwa kalala.